Zamu ya Luciana

Hasira ya Lea haikuanza siku ile ya kikombe. Ilikuwa na mwaka na miezi, tangu azike mwanawe wa pekee, Antipasi, na kijiji kizima cha Ulemo kiliijua. Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa: ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuchimba. Antipasi akatupa jembe, akakimbilia machimbo ya dhahabu ya Sekenke. Alirudi na redio, viatu vya mtumba, na mke aitwaye Luciana ambaye hakuna aliyejua kwao ni wapi. Msimu wa pili wa mvua ukamkuta amekwisha mwili, na kabla haujaisha akafa.

Ukimwi, watu walisema, wakishusha sauti. Lea hakushusha sauti. "Huyu mwanamke ndiye aliyeniulia mtoto," alisema kisimani, akasema mashineni, akasema hata kwenye maombi ya akina mama. Kwamba huenda Antipasi ndiye aliyemletea mkewe maradhi, hilo hakutaka kulisikia, na aliyejaribu kumwambia alijuta.

Luciana alipoanza kukohoa na kutoka vidonda mdomoni, wazee wa kanisa walikutana, na Lea alikuwa mmoja wao. Kanisa lao lilinywea kikombe kimoja. Nesi wa zahanati alishawaeleza kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kikombe, lakini nani alimsikiliza? Mzee Samweli, aliyekuwa akimsaidia mchungaji kwenye Meza ya Bwana, akashauri Luciana anywe wa mwisho, baada ya watu wote. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Lea. Tena akapeleka habari mwenyewe, akazisema akiwa amesimama mlangoni pa Luciana.

"Sawa, mama," Luciana alijibu. "Mradi nipate."

Maneno yale yalimkera Lea wiki nzima. Angetukana, angelia, angejua la kumjibu.

Jumapili ikafika. Mchungaji alitoa mkate, Samweli akashika kikombe, na watu wakapiga magoti madhabahuni safu baada ya safu. Lea alikunywa mapema, akarudi benchi la mbele. Mwisho kabisa akaja Luciana, peke yake, akijikokota. Mchungaji akampa mkate, kisha akageukia madhabahu. Samweli akainamisha kikombe, akachungulia ndani.

"Divai imekwisha, binti," alisema. "Mkate unatosha."

Lea alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Kikombe kilipoinamishwa aliiona divai, karibu nusu kikombe.

Damu ikamchemka. Kumchukia Luciana ilikuwa haki yake, yeye aliyezaa na kuzika. Lakini mtu mzima asimame mbele ya msalaba, ameshika damu ya Yesu mkononi, aseme uongo? Alitaka kumkasirikia Samweli peke yake, ikashindikana, maana nani aliyeinua mkono wa kwanza? Basi akamgeukia Yesu mwenyewe, moyoni, bila adabu hata chembe. Miaka arobaini nanywa kikombe chako nikisema nakuamini, kumbe ulikuwa unaningoja hapa. Kwa nini hapa? Kwa nini kwa huyu?

Akainuka.

"Lete," alimwambia Samweli.

"Lea, kaa chini. Tunawalinda watu."

"Nimesema lete kikombe."

Alikivuta mpaka divai ikamchuruzikia Samweli kwenye kanzu. Akapiga magoti mbele ya mkwewe, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu msiba. Vidonda vilikuwa vibichi. "Damu ya Yesu, iliyomwagika kwa ajili yako," alisema, kwa sauti ya mtu anayegomba. Luciana akanywa funda moja.

Angeweza kuishia pale. Kikombe kingeoshwa, naye angerudi kuketi, akiwa ametenda kuliko wote mle ndani. Lakini akikirudisha hivyo, atakuwa amesema yaleyale ya Samweli kwa njia nyingine, kwamba Luciana ni wa kuogopwa. Hakuwa na hakika na maneno ya nesi. Asubuhi ile hakuwa na hakika na lolote. Bila kukigeuza kikombe, akaweka mdomo palepale Luciana alipotoa wake, akanywa mpaka kikaisha.

Lea akamwinua Luciana, akaenda naye kwenye benchi la mbele. Waliokuwa wameketi pale walishajibana mpaka ukutani, kwa hiyo nafasi ilikuwa tele.

"Mama," Luciana alinong'ona, "sasa na wewe watakukimbia."

"Wakimbie." Lea akasogea karibu naye. "Na usidhani nimekusamehe. Nina hasira na wewe, na nina hasira na huyo Yesu aliyenituma kwako. Haya, niegemee, usije ukaanguka."