Ulimbwende wa Ba'mdogo Abdul

Jamani, simu hizi zitatuua! Nilimrekodia Pendo, ninayesoma naye chuoni, ujumbe wa sauti wa dakika sita. Kumbe nimeutuma kwenye grupu la ukoo. Watu arobaini na mmoja, wa Mbeya na wa Iringa, wakausikiliza kabla sijaufuta.

Nilikuwa na sapu, yaani mtihani wa marudio, ya Fasihi ya Awali ya Marekani, ya kujieleza kwa mdomo, kesho yake saa nane mchana. Nikifeli hiyo nimedisko, chuo basi. Na vile vipindi vya historia ya fasihi hiyo vilikuwa havikai kichwani hata kwa nyundo, ndipo nikavipachika kwa ndugu zangu. Nikamwambia Pendo, kwa kujiamini kabisa: "Wapuritani ni Ba'mkubwa Selemani. Kwake kila kitu dhambi, mpaka kucheka. Mapinduzi ni Shangazi Naima, aliyemwandikia mumewe barua ya makosa ishirini na saba akajitangazia uhuru. Ulimbwende ni Ba'mdogo Abdul, aliyeacha duka la shangazi akahamia Idodi porini, eti anausikiliza moyo wake."

Wa kwanza kupiga alikuwa Ba'mdogo. "Hanifa! Mimi mlimbwende? Na ndevu hizi? Umeniona kwenye shindano gani la urembo?"

"Siyo hivyo, Ba'mdogo. Kwenye fasihi walimbwende ni watu wa hisia, wanaopenda maumbile..."

"Maumbile! Kwenye grupu lenye wakwe zangu!" Akakata.

Huko kwenye grupu moto ulikuwa umeshawaka. Ba'mkubwa aliandika kwa herufi kubwa tupu: NILIKATAZA KUCHEKA OVYO, SIKUKATAZA KUCHEKA.

Shangazi akamjibu kwa ujumbe wa sauti: "Kaka, usijitetee. Uliniozesha kwa yule mtu kwa kuwa tu anaswali safu ya kwanza. Ungenisikiliza, ningeandika barua ya nini?"

Ba'mdogo akadakia: "Na wewe dada, ulipopata uhuru ukageuza duka mahakama! Nikisema nina huzuni, unataka sababu tatu na ushahidi. Unadhani porini nilifuata nini?"

Nililia mimi. Siyo kwa ajili yao, wagombane tu. Nililia kwa sababu sapu ilikuwa kesho na sikuwa nimeshika hata mwaka mmoja.

Saa nane ya kesho yake, Dokta Kalinga, mhadhiri wetu, hakuuliza miaka. Alivua miwani akasema, "Hanifa, kwa nini vipindi hivi vilipokezana? Kwa nini Wamarekani hawakubaki Wapuritani?"

Nilichokisikia masikioni ni lile grupu tu.

"Kwa sababu," nikasema, "ukimbana mtu kwa amri, siku moja atadai sababu. Akishapata uhuru na sababu zake, nyumba nzima inakuwa hoja tupu. Mwingine anakosa pumzi humo, anakimbilia porini kuutafuta moyo wake."

"Na huyo wa porini ameachana kabisa na wale wa kwanza?"

"Wapi! Anajichunguza nafsi asubuhi na jioni kama wao. Ila hataki kuambiwa."

Dokta alicheka mpaka akashika meza. "Haya umeyasoma wapi?"

"Nyumbani, Dokta."

"Umefaulu. Nenda."

Nilitoka mbio, nusura nimkanyage Ba'mkubwa Selemani. Alikuwa kwenye benchi la nje na kanzu yake yenye vumbi, kaja na basi la alfajiri kutoka Mbeya.

"Shikamoo, Ba'mkubwa. Nimefaulu!"

"Marahaba. Alhamdulillahi." Akashusha sauti. "Na mimi umenisema nini humo ndani?"

Nilitaka kudanganya, nikashindwa. "Nimesema wengine wote walitokea kwako, kwa kukukimbia."

Roho iliniuma, nikatamani nirudishe maneno yangu.

"Naima alikuwa na miaka kumi na minane," akasema. "Alikuja jikoni akaniambia yule mtu hamtaki. Nikamwambia anyamaze."

Kisha akainuka, akaniuliza nyumba ya Naima, hapo mtaa wa Mlandege, iko upande gani. Nikamshika mkono tukaenda, maana kwa miaka tisa, tangu ile barua, hakuwahi kukanyaga kwake.