Kamba ya Fundi Mpya

Mume wangu ni fundi simu. Siku moja nilimpelekea chakula kazini, nikamkuta amemshika mkono fundi mpya, msichana mrembo, anamvisha kamba nyeusi. Wivu ulinipanda.

"Mimi mkeo hujanivisha hata uzi!"

"Mke wangu, nguo zikisuguana, mwili hujaa chaji ya umeme. Ukigusa simu iliyofunguliwa, unaiunguza. Kamba hii inaipeleka chaji ardhini."

"Usinifanye mtoto!" Nilivua sweta kwa hasira, nikamvuta mume wangu mkono. Cheche ikaruka kati ya vidole vyetu, sote tukashtuka.

"Umeamini?"

"Nimeamini. Ila kuanzia leo ajifunge mwenyewe."

"Sawa, wifi," msichana akasema, akicheka.

Sikucheka. Nilivuta kiti nikakaa hapo mpaka wakafunga duka.