Upande wa Sieni

Mkeka wa Bi Palepa uliibwa Jumapili, kijiji kizima kikiwa kanisani na yeye mwenyewe kaegemea nguzo nyumbani, kapitiwa na usingizi. Kufika Jumatatu, binti yake Matalena alikuwa amekwisha mjua mwizi. Shahidi hakuwa naye. Alikuwa na hasira, na hasira haingoji shahidi.

Haukuwa mkeka wa kukalia. Ulikuwa ie toga, mwororo kama kitambaa. Palepa aliusuka kwa miaka mingi, macho yake yangali mazima, ili siku ya maziko yake utandazwe mbele ya watu wajue nani anazikwa. Ulilala chini ya godoro, kama mikeka yote ya namna hiyo inavyolazwa huku kisiwani Savai'i. Na nyumba ilikuwa nguzo na paa, basi, kama za majirani. Ukipita barabarani unaona nani kalala, nani anakula, nani kanuniana na mumewe. Habari za kufuli nani angezifikiria?

"Nani hakwenda kanisani siku ile?" Matalena alimuuliza mama yake. "Si Sieni peke yake? Na mkeka anajua ulipo, kila akija kukukanda miguu unamwonyesha. Kikulacho ki nguoni mwako, mama."

"Sieni alibaki na mjukuu mwenye homa. Mdhaniwa ndiye, kumbe siye. Angalia, mwanangu."

"Mimi nimemtaja mtu?"

"Kwa mdomo, hapana."

Maana misumari ilikuwa imekwisha sema. Matalena alileta mbao akaanza kuziba nyumba, na upande alioanza nao ni ule unaotazamana na kwa Sieni. Kijijini hapo matusi ya kumtukana jirani ni mengi, lakini hilo halina mfano, maana kila apitaye hulisoma. Sieni alisimama katika nyumba yake iliyo wazi akazitazama mbao zikipanda mpaka zikamficha. Tangu siku hiyo hakuja tena kumkanda bibi miguu, na Matalena akajiambia: umeona? Mwenye hatia hujificha. Hakujiuliza mwenzake angepitia wapi.

Akaziba na pande nyingine, akatia mlango, akatia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Usingizi haukuja ng'o. Kuti likianguka, anaruka. Mbwa akibweka, anakwenda kulishika kufuli. Mwizi alichukua mkeka mmoja tu, lakini roho ya Matalena ilikuwa haijatulia tangu siku hiyo, na alichukia hata kuiona jioni inakuja.

Jumapili ikafika tena.

"Usinifungie, Matalena," alisema mama yake.

"Ni ibada tu, mama. Si ndiyo saa aliyokuja?"

"Humu hamna upepo. Mbu wananila."

Basi Matalena akawasha dawa ya mbu, ile ya mviringo inayoungua polepole, akaiweka juu ya kifuniko karibu na godoro. Akavaa kofia yake nyeupe, akafunga kufuli, akalivuta kuhakikisha, akaenda.

Sala ndefu ilikuwa katikati aliposikia harufu ya moshi. Moshi wa Jumapili si ajabu, kila nyumba ina tanuri lake la mawe. Lakini saa hiyo matanuri yalikuwa yamefunikwa zamani, na moshi huu ulinuka nguo. Akafumbua macho, akatazama dirishani. Ulikuwa unatoka kwake.

Akainuka. Shemasi Ulise akamzibia mlango. "Kaa chini, mama! Watu wako kwenye sala!"

"Nyumba yangu!"

"Hilo tanuri la mtu tu."

"Tanuri gani saa hizi? Nipishe, Ulise, nisije nikakuvunjia heshima mbele ya Mungu!"

Hakusubiri apishwe. Alimsukuma, kofia ikaanguka, akakimbia na gauni lake jeupe kalikunja mkononi. Mama yake hawezi kutembea bila kushikwa. Ndilo wazo pekee lililokuwamo kichwani mwake.

Alisikia panga kabla hajaona kitu. Sieni alikuwa anazikata mbao za upande wake, jasho linamtiririka, moshi unatoka mbele yake katika kila ufa.

"Palepa! Jivute huku! Fuata sauti yangu!"

Ndani kimya.

"Ufunguo!" Sieni alipiga kelele bila kugeuka.

Matalena akaukimbilia mlango. Ufunguo ukaingia, ukagoma kuzunguka. Akauacha humo humo. Akarudi mbio, akaishika mbao iliyolegea kwa mikono yote miwili, akavuta mpaka kucha zikavunjika.

"Misumari yote hii ya nini, mwanamke wewe?"

"Vuta, Sieni! Vuta!"

Mbao ikang'oka. Sieni akajitupa ndani ya moshi. Matalena alibaki pale tunduni anamwita mama yake, na aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani. Kisha akauona mguu wa mama yake, kisha gauni, akavuta, wakaanguka wote watatu majanini.

Palepa alikuwa kama aliyekufa. Halafu akakohoa.

"Nilidhani nimekwisha zikwa," alisema, sauti inakwaruza. "Na jeneza limepigiliwa misumari vizuri, lazima niseme."

Watu wakafika na ndoo, wakauzima moto. Godoro liliungua lote. Matalena alimgeukia Sieni, uso wote masizi na machozi.

"Sieni, mimi..."

"Ngoja. Nenda kwanza ukatafute."

"Nikatafute nini?"

"Mkeka. Nenda nyumbani kwangu, inua kila kitu. Watu wote wapo, wakuone."

Matalena akainua macho. Nguzo na paa. Magodoro mawili yamekunjwa, masufuria, mtoto kalala ndani ya chandarua. Hapakuwa na pa kuficha hata kijiko.

"Sina haja ya kwenda," alisema. "Kila kitu naona kutoka hapa."

"Ulikuwa unaona tangu zamani."

Aibu ikamshika. Akapiga magoti mbele ya kijiji kizima, akainamisha kichwa, akaomba radhi. Sieni alimwinua, maana si adabu kumwacha mtu chini, lakini hakumkumbatia.

Wiki ile Matalena aling'oa mbao zote za upande wa Sieni. Kuta tatu alizibakisha, na mlango, na kufuli, kwa sababu mwizi hajapatikana mpaka leo.

"Kufuli la nini tena," Sieni aliuliza, "na upande mzima uko wazi?"

"Upande huo nimekuweka wewe. Ukikubali."

"Nitafikiri," alisema Sieni, wala hakucheka.

Jumapili Matalena alikwenda kanisani bila jibu. Alipofika barabarani aligeuka. Sieni alikuwa ameketi kwake, mjukuu mapajani, macho yote kwa Bi Palepa. Matalena akampungia mkono. Sieni hakumpungia, lakini macho hakuyatoa.