Gesi Imefika Chuoni

Asubuhi ya uzinduzi, Emil, mpwa wa mkuu wa chuo, alilishika bomba jipya la gesi bila glavu, na ngozi ya kidole chake ikabaki pale pale. Ndani ya bomba hamkuwa na kitu. Baridi ilipokaza, mji mkuu uliivuta gesi yote, na huku mwisho wa njia, chini ya milima, mshale wa kipimo ulilala kwenye sifuri.

Mkuu wa chuo, Asylbek, alitembea mwenyewe kwenye theluji mpaka kwa Burulkan.

Burulkan ndiye aliyekuwa akichochea boila ya makaa ya mawe ya chuo cha ualimu tangu mumewe alipofariki. Vumbi lilikuwa limemkaa kifuani. Akipanda ngazi, alihema kama mvukuto. Kwa hiyo habari za gesi zilipokuja, yeye alifurahi kuliko wote. Aliahidiwa kazi kwenye boila mpya: kuketi kitini, kutazama vipimo, kwenda nyumbani na mikono safi. Mafunzoni akapelekwa Emil. Burulkan akapewa maua, akaambiwa apumzike.

"Dada Burulkan, tuokoe," alisema Asylbek mlangoni. "Mgeni wa wizarani anafika mchana, na vyumba ni barafu."

"Si una fundi wako?"

"Usinichome bwana. Washa ile ya zamani. Leo tu."

"Ile ya zamani si mlisema imekufa?"

"Haijafa. Hatujaing'oa tu."

"Mliyemng'oa ni mimi."

Asylbek akavua kofia. "Nitamwambia mgeni habari ya kazi yako, kwa mdomo wangu mwenyewe. Naapa kwa mkate."

Burulkan alitaka kumfungia mlango. Lakini aliwajua wasichana wa bwenini, waliokuwa wakilala na makoti na buti, wawili wawili kitanda kimoja. Akachukua kitambaa chake cha kichwa, akatoka.

Makaa mazuri yalikwishaondoka kwenye lori la shemeji yake Asylbek. Yalibaki makapi na vumbi. Burulkan aliyamwagia maji, akayasukuma tanuruni koleo baada ya koleo mpaka moto ukashika, na dohani ikatapika moshi mzito mweusi. Nyuma yake akasikia kufuli likibanwa kwa nje.

"Ni kwa usalama tu, mama," Emil alisema. "Mgeni asije akapotea njia akaingia huku."

Ukuta kati ya vyumba vya boila mbili ulikuwa mwembamba, na mabomba ya maji moto yalikuwa yale yale. Alisikia viatu, kisha sauti nene ya mgeni.

"Lo! Bomba hili linaunguza! Na harufu hakuna!"

"Ndiyo gesi hiyo, mheshimiwa," alisema Asylbek.

Makofi yakapigwa. Burulkan alisubiri jina lake. Wakatoka uani bila kulitaja.

"Na ule moshi?" mgeni akauliza.

"Ule? Mtaa wa chini, mheshimiwa. Watu wetu bado hawajaelimika. Wanachoma makaa, wengine hata matairi."

"Tunawaletea gesi, wao wanatuchafulia hewa! Washughulikieni."

Burulkan akaugonga mlango kwa mpini wa koleo, akagonga mpaka viganja vikafa ganzi. Huko nje ngoma za wanafunzi zilikuwa zimeanza. Emil alifungua mlango magari yalipokwisha kuondoka.

"Mama, ulitaka kututia aibu?"

"Mtaa wa chini ni kwangu, Emil!"

Emil akatazama chini. "Si mimi niliyesema."

Wiki ileile wakaguzi wakaja na polisi. Nyumba kwa nyumba, walizima majiko ya makaa na kuyapiga lakiri yasiwashwe tena. Kwa Burulkan walimkuta mama mkwe wake, bikizee Seyilkan, amekaa ameegemea jiko. Wakamwomba kwa adabu asogee.

"Tumieni gesi, mama," mkaguzi alimwambia Burulkan. "Bomba si linapita hapo mbele?"

"Linapita. Haliingii."

"Hilo si idara yangu."

Siku zilizofuata Seyilkan hakutoka kitandani. Maji yaliganda birikani. "Burul," aliita tena na tena, "mlango umeuacha wazi?"

"Umefungwa, mama."

Kisha gari la Asylbek likapiga honi. Wakuu wa vyuo vingine walikuwa njiani kuja kujifunza, na gesi ilikuwa bado haijafika. Burulkan alitoka amembeba bikizee mgongoni, amemfunga kwa blanketi.

"Huyu naye anakwenda wapi?"

"Penye joto. Au kachochee mwenyewe."

Asylbek alitazama saa yake, akatazama barabara. "Haya. Ila asikohoe."

Kufuli likabanwa. Moto ulipopanda, Seyilkan alitoa mikono yake kwenye blanketi, akainyoosha mbele ya tanuru, akatabasamu kama mtu aliyefika kwa nduguze. Halafu moshi ukamwingia kooni.

Nyuma ya ukuta, Asylbek alikuwa ameanza kuwaeleza wageni juu ya hewa safi. Burulkan alipiga magoti, akamkumbatia bikizee, akamziba mdomo kwa kiganja chake kilichojaa vumbi la makaa. Mwili ule mwepesi ukatikisika kifuani pake, ukatikisika tena. Akazidi kukaza mkono.