Elfu Sabini, na Moja Juu Yake

Marehemu Badi, muuza boriti wa Mambrui, alipenda hesabu hata nzi wakimtua mkononi walijipanga wawili wawili. Asiyeamini akawaulize nzi. Alifariki mwaka wa themanini na sita, akamwacha mkewe Mastura bila mtoto.

Ukoo wao humsomea maiti tahalili, yaani "La ilaha illa Llah", elfu sabini, kwa mafungu sawasawa, asizidiwe mtu. Siku ya tatu tulikaa ukumbini watu thelathini na watano, pazia kati ya wanaume na wanawake. Mastura hakuhesabiwa. Alikuwa chumbani, katika eda, akilia kwamba hata fungu la kumsomea mumewe amenyimwa. Wifi yake Shekha, dada wa marehemu, alikwisha kukata shauri.

"Hakumzalia ndugu yangu hata paka. Tasa hana fungu humu."

Mara sauti ya Mastura ikatoka chumbani. "Maalim Zubeir, wasia wa mume wangu ni asomewe elfu sabini na moja."

"Yaani tuongeze elfu nzima?" akauliza Maalim, msimamizi wa kisomo.

"La. Elfu sabini, na moja juu yake. Moja tupu."

Maalim akagawa. Elfu mbili kila mtu, ikabaki moja.

"Nipeni mimi," nikasema.

"Asizidi mtu!" Shekha akafoka nyuma ya pazia. "Ongezeni msomaji!"

Abdillahi mpishi akatolewa jikoni na upawa wake mkononi. Zikabaki kumi na saba. Tukatoa watu wawili, zikabaki ishirini na tisa.

"Basi tuite watu elfu sabini na mmoja," Abdillahi akasema, "kila mtu asome moja."

"Pilau yao utapika wewe?" Shekha akamjibu.

Watu wakacheka kidogo. Mimi sikucheka. Mimi na Badi tulijifundisha hesabu wenyewe, juu ya rundo la boriti, kwa kitabu chakavu kilichotoka Tanga.

"Maalim, usijichoshe," nikasema. "Namba hiyo Badi aliipima mwezi mzima. Haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hata mkikaa wangapi humu, kitabaki kitu. Kitabu kina jina lake."

"Jina gani?" akauliza Shekha.

"Namba tasa."

Kisha tukasikia bangili za Shekha. Aliokota mbegu moja ya ukwaju kwenye sinia la kuhesabia, akaingia chumbani.

"Wifi," tukamsikia, "hii imebaki. Hatuna pa kuitia."

"Naijua. Ilete."

Tukarudi thelathini na watano, tukasoma mpaka alasiri. Maalim akainua mikono kuifunga dua, akaishusha. Hesabu ilikuwa bado. Tukangoja, na Shekha akingoja nasi, mpaka Mastura akaisoma ile yake mle chumbani, polepole, neno kwa neno.

Ndipo dua ikafungwa.