Mstari wa Tandu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Machi 1974, tandu walitoka ardhini nyuma ya nyumba ya Rosalia, Mtoni, wakajipanga mstari mmoja. Walikuwa wa aina ile inayoishi udongoni: wembamba kama kamba ya kiatu, rangi ya manjano iliyofifia, hawana macho. Kila mmoja aligusa mkia wa aliyemtangulia. Jua lilipokuwa kali walirudi chini. Kesho yake walitoka tena, pale pale.

Mstari ulipita ng'ambo ya uzio wa minyaa, ndani ya kiwanja cha jirani, Gaudens, balozi wa nyumba kumi. Kati ya mstari na uzio kulikuwa na matuta ya muhogo. Matuta hayo aliyalima Rosalia na marehemu mumewe, Albano. Rosalia alipokwenda Masasi kwenye arobaini ya Albano, Gaudens aling'oa minyaa na kuipanda upya upande wa pili wa matuta. Mnyaa hushika hata tawi likichomekwa tu, na pale mtaani mpaka ni minyaa. Rosalia aliporudi, uzio ulikuwa umeshachipua. Muhogo ule ndio uliokuwa chakula chake cha mwaka.

Majirani walikuja kuona. Walikubaliana kwamba tandu wamefuata mpaka wa zamani, na kwamba mwaka huu wametoka mapema. Hamisa, wa nyumba ya mbele, alivuta kamba kando yao; hawakupinda popote. Kikao cha nyumba kumi kikaitishwa, mwenyekiti akiwa Gaudens.

"Ndugu Balozi," Rosalia alisema, "mie sitaki ugomvi. Rudisha minyaa walipo tandu."

"Mama, mpaka ni minyaa. Tandu hana kadi ya chama."

Watu walicheka, Rosalia naye kidogo. Kikao kiliamua minyaa ibaki, na tandu wasiuawe, kwa kuwa hawajamkosea mtu.

Baada ya masika Gaudens alijenga chumba cha kupangisha juu ya mstari, mwishoni mwa matuta. Fundi Kasiani aliacha matundu mawili chini ya kuta, moja la kuingilia na moja la kutokea, bila kuambiwa. Mpangaji alizoea kushusha miguu kitandani tandu wakishapita.

Muhogo ulipokomaa, Kokushubila, mke wa Gaudens, aliung'oa wote asubuhi moja, tandu wakiwa bado nje. Alichagua mihogo miwili minene, akampitishia Rosalia juu ya minyaa.

"Ukapike, dada."

Rosalia aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru.