Dawa ya Arobaini na Moja

Mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Profesa tangu chekechea, alikuwa mtafiti kwenye maabara ya virusi. Dada mtu aliosha vyombo vya maabara hiyohiyo. Kwa miaka minne Profesa alitafuta dawa ya kuzuia protini inayokata vijifuko kwenye utando wa seli na kuviingiza ndani. Baadhi ya virusi huingia kwenye seli kwa njia hiyo.

"Dada, seli ina adabu kukushinda," alimtania. "Chochote kikipiga hodi, inakikaribisha. Nataka dawa ya kuinyamazisha."

"Isiitikie hodi? Mama angekuchapa."

Dawa arobaini zilishindwa. Ya arobaini na moja aliichanganya Ijumaa. Jumapili, akiwa anafunga viatu, moyo wake ukasimama.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, mkuu wa maabara alimwita dada mtu kwenye hadubini. "Njoo uone kazi ya mdogo wako."

Akainama. Nukta za kijani, virusi vilivyotiwa rangi, zilikuwa zimejipanga kwenye ukingo wa kila seli. Hakuna hata moja iliyoingia.

"Ya arobaini na moja imezuia," alisema mkuu.

Dada mtu alifika nyumbani glavu zikiwa bado mfukoni, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mdogo wake. Habari kama hiyo haingoji. Akagonga.

"Hodi, Profesa!"

Hapo ndipo alipokumbuka. Hata hivyo hakuondoka. Alibaki pale mlangoni, kama zile nukta, akisubiri kukaribishwa.